Mgonjwa Asemapo "Sijambo"

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai. Methali hii aghalabu huwashukia wanaume wenye saratani ya tezi dume, kana kwamba kosa ni lao peke yao. Mimi, nikiwa mwalimu wa isimu, naona lawama hiyo inamsaza mhusika mmoja: anayewauliza.

Mwaka jana nilifuatana na mjomba wangu wa Msambweni, tukavuka Likoni kwenda kliniki baada ya matibabu yake. Muuguzi, binti wa makamo ya mjukuu wake, alimwamkia kwa heshima, kisha akauliza: "Waendeleaje, babu? Umeridhika na matibabu?" Mjomba akajibu: "Sijambo, mjukuu wangu. Alhamdulillahi." Ikaandikwa kwamba ameridhika. Kumbe alikuwa na miezi mitatu hajakanyaga msikitini. Mkojo humtoka bila hiari, naye alichelea udhu wake na mikeka ya wenziwe.

Muuguzi hakukosa adabu, wala mjomba hakusema uongo. "Sijambo" ni jibu la maamkizi. Hata mwenye homa kali hulitanguliza. Kosa ni kulifanya jibu la maamkizi kuwa ushahidi wa tiba.

Kuuliza kwa makini kuna faida. Nchini Uingereza, utafiti uitwao ProtecT uliwagawa wanaume 1,643, ambao saratani yao haikuwa imesambaa, katika makundi matatu: upasuaji, mionzi, na kufuatiliwa kwa vipimo. Matokeo ya 2023 yalionyesha kuwa baada ya miaka 15, takriban 3 kwa kila 100 walikuwa wamekufa kwa saratani hiyo, na makundi yalikaribiana. Tofauti ilikuwa katika maisha yenyewe. Waliopasuliwa walisumbuliwa zaidi na mkojo na upungufu wa nguvu za kiume. Waliotibiwa kwa mionzi, na haja kubwa. Hayo yalijulikana kwa sababu waliulizwa jambo mojamoja, hata kama huvaa pedi.

Lugha yetu haikosi maneno. Tunazo tafsida kama "haja ndogo" na "unyumba", ambazo mzee wa Kidigo huweza kuzitamka bila kujidhalilisha. Kinachokosekana ni fomu iliyoandikwa na mtu azijuaye, yenye pia swali kuhusu ibada. Mjomba angeulizwa hivyo, angefundishwa mapema mazoezi ya misuli ya nyonga. Angeelezwa pia kuwa fikihi humruhusu mwenye udhuru kama wake kujistiri vyema, kutawadha kila wakati wa sala unapoingia, na kusali.

Walimu wenzangu, wanafunzi wetu hukariri tafsida kwa ajili ya mtihani. Tuwape maswali ya hospitali wayaandike kwa Kiswahili, kisha wawasomee babu zao. Babu akijibu "sijambo" tu, swali hilo na liandikwe upya.