Barabara ya Chwaka ni ya Nani?

Kutoka Chwaka, pwani ya mashariki ya Unguja, hadi mjini ni mwendo wa takriban kilomita 30 kupitia Dunga na Mwera. Mwenye gari lake huondoka saa aitakayo. Asiye na gari hungojea daladala, na daladala nayo hungojea kujaa. Mchuuzi aliyenunua samaki mnadani, mama mkulima wa mwani, mwanafunzi, na mgonjwa aliyeagizwa kufika Hospitali ya Mnazi Mmoja, wote huipanga siku yao kwa kufuata chombo kisicho chao. Katika toleo hili tunawaalika waamini na viongozi wa walei kutafakari swali ambalo mara chache huhesabiwa miongoni mwa mambo ya haki na amani: barabara zetu zinamtumikia nani?

Kwanza tuseme waziwazi kwamba kumiliki gari si dhambi. Wapo wanaolihitaji kwa kazi au kwa sababu ya ulemavu. Na vijijini mara nyingi gari la jirani ndilo linalomfikisha mama mjamzito hospitali usiku, wakati daladala zimekwisha lala. Tunachokihoji ni mazoea ya kulifanya gari kuwa kipimo cha utu wa mtu. Afrika Mashariki iliwahi kuwabandika jina la Wabenzi wale wakubwa wa baada ya uhuru waliojitenga na wananchi kwa magari yao ya Mercedes-Benz. Jina hilo lilikuwa la dhihaka, lakini lilibeba ukweli: anayepita amefunga vioo hasikii malalamiko ya kituoni. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kinyume chake, Oktoba 1967, Mwalimu Julius Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha. Kiongozi atembeaye huiona barabara kama wanavyoiona wanaotembea.

Kusafiri pamoja si jambo geni kwetu. Tangu 1905 Unguja ilikuwa na reli ya abiria, maili 7 kutoka mjini hadi Bububu. Katika miaka ya 1920 reli hiyo ilishindwa na magari ya barabarani ikafungwa, lakini haja ya watu kusafiri pamoja haikufa. Ilihamia katika magari ya abiria yenye mabodi ya mbao, na baadaye katika daladala. Na Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, ulijengwa kwa kipimo cha mtu atembeaye. Vichochoro vyake vingi havipitishi gari hata leo, na maisha hayajasimama.

Tufanye hesabu ndogo. Abiria 20 wa daladala moja, kila mmoja akipanda gari lake, wanakuwa magari 20 yanayotafuta njia na mahali pa kuegeshwa katika kisiwa ambacho ardhi yake haiongezeki. Fedha za kupanua njia kwa ajili ya magari hayo hutoka katika mfuko wa wote, pamoja na senti za yule anayetembea. Gharama nyingine hulipwa kwa damu. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya 2023, lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na zaidi ya nusu yao ni waendao kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Wanaokufa zaidi ni wale waliotengewa nafasi ndogo zaidi.

Papa Fransisko aliligusa jambo hili mwaka 2015 katika waraka wake Laudato Si', namba 153. Alieleza kwamba wingi wa magari yanayobeba mtu mmoja au wawili huleta msongamano na uchafuzi wa hewa, na kwamba usafiri wa umma unastahili kutangulizwa. Lakini hakuishia hapo. Alitambua pia kwamba abiria wengi husafirishwa bila heshima, kwa kusongamana, kwa kungoja mno na kwa kukosa usalama. Kwa hiyo haitoshi kumwambia mwenye gari aliache. Lazima daladala iwe mahali ambapo binadamu anaweza kupanda bila kudhalilika.

Mambo haya yanawezekana. Kenya, mwaka 2004, chini ya Waziri John Michuki, ililazimisha matatu kufungwa vidhibiti mwendo na mikanda ya usalama. Dar es Salaam, tangu 2016, ina mabasi yaendayo haraka yenye njia zake, ingawa uhaba wa mabasi umewasumbua abiria. Kigali nayo, tangu mwaka huohuo, hufunga baadhi ya barabara zake Jumapili maalumu ili watu watembee na kupanda baiskeli.

Basi tunaomba yafuatayo. Kila barabara inayojengwa au kupanuliwa iwe na njia ya miguu na ya baiskeli. Vituo vya shamba viwe na paa la kuwakinga watu na jua la kaskazi na mvua za masika. Daladala ziwe na saa zinazojulikana, za alfajiri na za usiku, na mwanafunzi asisukumwe nje kwa sababu nauli yake ni ndogo. Wenye magari wapunguze mwendo wapitapo vijijini na shuleni, na wasione haya kumpakia mzee aliyesimama njiani. Parokia zetu nazo zijiulize kama katekista wa mbali ana hata baiskeli, kabla ya kuchangia gari jingine.

Jumuiya Ndogo Ndogo ziliweke suala hili katika mikutano yao, kisha zilifikishe kwa sheha pamoja na jirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi kisiwani. Daladala haiulizi dini ya abiria. Tukidai njia salama, tunaidai kwa ajili ya kila aliyesimama kituoni.