Chumvi Ipo, Unga wa Kelpi wa Nini?

KAULI YA WIKI
Na Mwanaidi Haji Faki

Siku hizi ukilalamika uchovu, nywele kukatika au mwili kunenepa bila sababu, hukosi mtu wa kukwambia: "Hiyo thairoidi hiyo, kula mwani." Na mwani anaousema si huu wetu wa Paje na Jambiani. Ni kelpi, mwani mkubwa wa kahawia unaoota kwenye maji ya baridi, kuanzia Japani hadi Norway. Umesagwa, ukatiwa koponi au ukafanywa vidonge, kisha ukaletwa na shangazi aliyekuja likizo au ukaagizwa kwa simu. Kopo limeandikwa "asilia", na kwetu neno hilo likishaonekana, maswali yamekwisha.

Wanaoisifu kelpi hawakuokota habari jalalani. Madini joto, ambayo ndiyo sifa yake kubwa, yaligunduliwa kwenye majivu ya mwani, mwaka 1811, na Mfaransa Bernard Courtois, aliyekuwa akitafuta malighafi ya baruti za vita vya Napoleon. Mwaka 1820 daktari Jean-François Coindet wa Geneva akaanza kuwapa wagonjwa wa rovu, na mavimbe yakapungua kweli. Haukupita muda mji ukaanza kulalamika: watu moyo unawaenda mbio, wanakonda, mikono inatetemeka. Dawa ilikuwa sahihi, kipimo ndicho kilichowashinda. Miaka mia mbili baadaye tuko papo hapo, tena sisi hatuna hata Coindet wa kutuangalia.

Tezi ya thairoidi, iliyokaa mbele ya koo, hutumia madini joto kutengeneza homoni zinazoongoza mapigo ya moyo, joto la mwili na ukuaji wa ubongo wa mtoto tangu yumo tumboni. Kazi ni kubwa lakini mahitaji ni madogo mno. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito na anayenyonyesha kama 250. Ukikusanya ya mtu mzima kwa miaka 70 hupati gramu nne.

Sasa chukua kelpi. Watafiti waliopima aina mbalimbali za mwani wa kuliwa, matokeo yao yakachapishwa mwaka 2004, walikuta nori, ule mwani mwembamba wa kuviringishia wali, una mikrogramu 16 kwa gramu. Chembechembe za kelpi iliyosindikwa zilipita 8,000. Gramu moja tu ya hizo ina madini joto ya zaidi ya siku 50, na watu wanakoroga kijiko kizima kwenye uji kila asubuhi! Wataalamu wa Ulaya wameweka ukomo wa mikrogramu 600 kwa siku kwa mtu mzima, wa Marekani 1,100. Wala usidhani ukishalijua kopo moja umeyajua yote, maana kiasi hubadilika kwa aina ya mwani, mahali ulipovunwa, msimu, na hata namna ulivyokaushwa na kuhifadhiwa.

Tezi ikifurikiwa hivyo, kwa kawaida husimamisha kazi kwa siku chache, kisha ikazoea na kuendelea. Zipo zisizozoea, hasa za watu ambao tayari wana ugonjwa wa thairoidi. Hizo hulala moja kwa moja, na mtu akazidiwa na uchovu uleule uliomfanya anunue kopo. Wengine, hasa wazee walioishi miaka mingi na upungufu au wenye mavimbe ndani ya tezi, huwapata kinyume chake: tezi inakurupuka na kumwaga homoni bila breki, na kwa mzee mwenye moyo dhaifu hilo si jambo la mchezo. Mjamzito ndiye ninayemhofia zaidi, kwa sababu tezi ya mtoto aliye tumboni haijajua kujikinga na mafuriko hayo mpaka mimba inakaribia kutimia.

"Mbona Wajapani wanakula?" Wanakula, ndiyo, na wengi wao wanayapata madini joto mengi kuliko sisi bila kudhurika. Lakini mpishi wa Kijapani huloweka au huchemsha kipande cha kombu, yaani kelpi yao, apate mchuzi, kisha mara nyingi hukitoa, na kazi hiyo amerithishwa tangu enzi za mabibi. Hata hivyo, miaka ya 1960 madaktari waliandika habari za rovu kwenye vijiji vya pwani ya Hokkaido, na kisa chake kilikuwa kombu kupita kiasi. Australia nako, Desemba 2009, maziwa ya soya ya Bonsoy yaliyotiwa kombu yaliondolewa madukani baada ya wanywaji kuugua tezi. Kesi yao ya pamoja ilimalizika mwaka 2014 kwa fidia ya dola milioni 25 za huko. Wale hawakuwa wakijitibu. Walikuwa wakinywa maziwa tu.

Mwani wetu tusiuchanganye na huo. Ule ambao kina mama wa pwani ya mashariki ya Unguja wanaufunga kwenye kamba maji yakitoka wakati wa bamvua, kilimo cha biashara kilichoanza mwaka 1989, ni mwani mwekundu, na madini joto yake ni madogo sana ukilinganisha na kelpi. Sabuni yake nzuri, juisi yake nainywa. Anayeiuza juisi hiyo kama dawa ya rovu ndiye simuungi mkono.

Na rovu kwetu lipo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulilikuta kwa watoto wa shule wa visiwani, Pemba zaidi kuliko Unguja, wakati sote tulidhani mla samaki hawezi kukosa madini joto. Chumvi inayokaushwa juani kutoka maji ya bahari huwa na kiasi kidogo sana cha madini hayo, lazima yatiwe. Yakitiwa miligramu 30 kwa kilo, kijiko cha chai cha chumvi, yaani gramu tano, ambacho ndicho ukomo wa siku nzima, kinakupa mikrogramu 150 zako kamili. Mtu amekwisha kukupimia, kwa bei ya chumvi.

Kwa hiyo mwenye kopo la kelpi nyumbani alipeleke hospitali, amwonyeshe daktari, apimwe damu kabla ya kuongeza kijiko kingine. Wenye mamlaka nao waifuate chumvi inayouzwa wazi kwenye magunia, juani, Wete na Chake Chake. Kipimo chake ni kichupa cha matone: unadondosha tone juu ya chumvi, ikiwa na madini joto inageuka rangi ya zambarau, ikiwa haina inabaki nyeupe. Kila soko liwe na kichupa hicho, na mnunuzi aruhusiwe kuomba tone kabla hajatoa pesa.