Kuhesabu Herufi kwa Ajili ya Kazi

Katika masomo ya hesabu, mara nyingi watoto huhesabu vitu ambavyo jumla yake haina kazi yoyote. Huhesabu viatu vya darasani, huchora safu zake ubaoni, na somo likaisha. Sisi twaona afadhali mtoto ahesabu jambo litakalobadilika kwa sababu ya hesabu yake. Mfano mmoja twaupata kwa wapenzi wa redio ya ridhaa.

Mnamo Desemba 1998, Mwingereza Peter Martinez aliwaenezea wenzake PSK31, njia ya kupeleka maandishi kwa redio. Kadi ya sauti ya kompyuta huyageuza maandishi kuwa mlio, redio huurusha, na kompyuta ya upande wa pili huusoma. Kila sekunde hupita alama 31.25 tu, kila alama ikiwa ni moja au sifuri. Basi Martinez alizihesabu herufi za maandishi ya Kiingereza, na zile zitumikazo sana akazipa alama chache. Herufi e ni 11. Herufi a ni 1011. Baina ya herufi na herufi huwekwa sifuri mbili, kwa hiyo ndani ya herufi sifuri mbili hazifuatani kamwe.

Lakini katika Kiswahili herufi itumikayo kupita zote ni a! Neno "baba" huchukua alama 30, karibu sekunde nzima. Tukizibadilishana a na e, zitabaki 26.

Mwalimu achukue aya ya kitabu cha kusoma, kila kikundi kihesabu herufi 100, kisha kijitungie jedwali lake. Umeme hauhitajiwi: mahindi yawe moja, maharage yawe sifuri. Kanuni ya sifuri mbili isitolewe mapema. Kikundi kikiipa herufi fulani 1001, msomaji atadhani imekwisha katikati, na ubishi utakaozuka hapo una thamani kuliko maelezo yetu.

Wako watakaouliza mbona jedwali la redioni halibadilishwi likafuata Kiswahili. Swali hilo lisikwepwe, wala lisijibiwe kwa mdomo. Kikundi kimoja kibadilishe jedwali lake kwa siri, kisha kipeleke ujumbe kwa wenzao wanaotumia lile la zamani.