JODARI WA KOPO: WA MAFUTA AU WA MAJI? MJUE MTEJA KABLA YA KUBEBA KATONI

"Boss, hizo tuna ni za mafuta au za maji?"

Ukiulizwa hivi inboksi halafu ukajibu "zote sawa tu dada", jua umeshaanza kumpoteza mteja.

Nasema hivyo kwa sababu yamenikuta. Katoni yangu ya kwanza niliinunua kwa kuvutwa na bei. Nikapiga picha, nikaandika "Tuna safi, tunakuletea ulipo", basi. Dada mmoja akachukua makopo sita. Kumbe anapunguza mwili. Kufungua la kwanza, mafuta! Matano yakarudi, nauli ya boda nikalipa mimi, na yeye sikumwona tena. Samaki hakuwa na kosa, kosa lilikuwa la tangazo langu.

Wauzaji wengi wanasema wa maji ndiye bora. Mimi sikubaliani. Kila mmoja ana mtu wake.

👉 Wa mafuta: ni laini, ananoga kwenye katlesi, sambusa na mchuzi wa haraka. Ila hata ukimwaga mafuta, gramu 100 zina kalori karibu 200. Na ukiyamwaga, baadhi ya omega-3 ya samaki inaondoka nayo.

👉 Wa maji: kalori ni karibu nusu ya hizo. Ni mkavu kidogo, anafaa saladi na mkate wa mayonizi. Lakini soma lebo vizuri, mengine ni maji ya chumvi. Mteja mwenye presha ana haki ya kuambiwa.

Sasa bei. Usilinganishe kopo kwa kopo. Lebo nyingi zina uzito wa aina mbili: uzito wa vyote vilivyomo, na uzito wa samaki baada ya kuchuja. Unachouza ni huo wa pili. Mfano tu: kopo la 5,200 lenye gramu 130 za samaki, kila gramu ni shilingi 40. La 5,000 lenye gramu 100, kila gramu ni 50. Lililoonekana rahisi ndilo ghali!

Msimamo wangu kwa mwenye mtaji mdogo: usigawe pesa nusu kwa nusu ili uonekane una kila kitu. Pitia chati zako. Wateja wako ni mama wa nyumbani na wauza vitafunwa? Anza na mafuta. Ni watu wa mazoezi na wanaopunguza mwili? Anza na maji. Aina nyingine ilete kwa oda.

Na kwenye kila tangazo andika vitu vitatu: wa mafuta au wa maji, gramu za samaki baada ya kuchuja, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Piga picha na mgongo wa kopo, sio sura tu.

Mteja akijua anachonunua, hana sababu ya kukurudishia mzigo.

Wewe wateja wako wanaulizia ipi zaidi? Tuambie hapo chini 👇