Mkate Hauumuki kwa Beti

Kila uingiapo mwezi wa Shaabani, malenga wa mwambao huanza kulia. Hawalii msiba, hulilia mkate. Beti humiminika redioni, magazetini na siku hizi hata katika simu za mkononi: mkate wa kumimina wa bibi umekwenda wapi, harufu ya iliki ya alfajiri imepotelea wapi, maandazi ya tui ya mama yamekuwaje. Vina hukaa sawa, mizani hutimia, na msomaji mwenye njaa ya saumu iliyo karibu hudondokwa na machozi na mate kwa pamoja. Likishafika ubeti wa nne au wa tano, shairi la namna hii humpata mkosaji wake. Mkosaji huyo ni mmoja siku zote, na hapewi nafasi ya kujibu: binti wa leo. Yeye ndiye mvivu. Yeye ndiye aliyeshika simu akauacha mwiko. Yeye ndiye anayewapa watoto boflo la dukani na chai ya rangi, kisha akajiita mama.

Kilio hicho hakina ukweli ndani yake. Si kwamba mkate wa nyumbani haujapungua. Umepungua, na asiyeliona hilo hana macho: katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba mkate wa kumimina umekuwa wa Ramadhani na wa arusi, na asubuhi za siku zilizobaki ni boflo au slesi. Uongo umo katika namna wanavyosimulia mkate huo: nani aliupika, kwa taabu gani, na nani apaswaye kuupika sasa.

Basi na kianze hicho chenyewe kinacholiliwa. Mchele hulowekwa usiku kucha. Asubuhi huchujwa maji, ukasagwa pamoja na tui zito hata ukalainika, usibaki na chenga hata moja. Hutiwa hamira, sukari na iliki, ukafunikwa mahali penye joto. Hapo huingia kazi ambayo haionekani kwa mgeni, nayo ni kungoja. Mchanganyiko ukiachwa muda mchache, mkate hutoka mzito kama tofali. Ukiachwa mno, huchacha, ukapanda na kuanguka. Wapishi wengine huongeza ute wa yai uliopigwa hata ukatoa povu. Chombo hupakwa mafuta na kupashwa moto, kisha mchanganyiko humiminwa, na humo ndimo lilimotoka jina. Ukishashika chini, juu nako kwataka moto: ama makaa hupaliwa juu ya kifuniko, ama chombo hupinduliwa juu ya jiko, uso wa mkate ukayatazama makaa. Mwenye kupindua mapema humwaga chote. Mwenye kuchelewa hutoa mkate mweusi chini na mbichi katikati.

Na hayo ni ya mwenye blenda. Kabla ya blenda kulikuwa na kinu na mchi, kulikuwa na jiwe la kusagia, kulikuwa na mbuzi ya kukunia nazi na kifumbu cha kukamulia tui, na kulikuwa na kuni zenye kutoa moshi katika jiko lisilo na dirisha. Malenga aliyekuwa mtoto wakati huo alikuwa amelala. Aliamka kwa harufu. Ndiyo maana shairi lake linaijua harufu peke yake. Halimjui mtu aliyeamka saa tisa za usiku, wala halina habari ya mgongo wake.

Mtu akitaka kupima elimu ya mwombolezaji, na amuulize tofauti ya kuumuka na kuchacha. Lugha hii imeyatenga maneno hayo mawili kwa sababu kulikuwa na watu waliohitaji kujua ni wakati gani unga unatoka katika hili na kuingia katika lile. Leo washairi huyatumia kama kwamba ni neno moja: mapenzi yameumuka, mapenzi yamechacha, kwa kadiri kina kinavyotaka. Hamira yenyewe, iliyotokana na Kiarabu, ina ndugu yake katika mahamri ya Mombasa, na aliyewahi kutia mkono katika unga hahitaji kamusi kuuona udugu huo. Majina ya vyakula hivi karibu yote ni majina ya kazi. Mkate wa kumimina umeitwa kwa tendo lake. Maandazi yanakumbusha kuandaa. Hata neno mkate, katika Kiswahili cha wakubwa, lilikuwa kubwa kuliko boflo, maana ulikuwapo mkate wa tumbaku pia, yaani chochote kilichogandamizwa kikawa bonge. Si ajabu kwamba wafasiri wa Biblia ya Union ya 1952, walipofika katika sala ijulikanayo na kila Mkristo, waliliacha neno mkate wakaandika riziki, ilhali sala ya Wakatoliki imebaki na mkate. Walijua kwamba katika pwani hii mkate ni kitu cha wakati wake na mahali pake, si jina la kila kishibishacho. Neno la namna hiyo halihifadhiwi kwa kuombolezwa. Linaishi maadamu kuna mkono unaolifanya.

Fasihi ya mwambao inao mkate mmoja mkubwa kuliko yote, na inastaajabisha kuwa waombolezaji hawautaji. Umo katika kisa cha Fumo Liyongo, kama alivyokitunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Liyongo yu gerezani. Mama yake humletea chakula kila siku kwa mkono wa kijakazi, Saada, na kila chakula kizuri kikifika mlangoni walinzi hukila wao. Liyongo akamwimbia Saada ujumbe wa kumpelekea mama: na uokwe mkate wa wishwa, na katikati yake itiwe tupa. Mama akafanya. Walinzi wakaudharau mkate ule wa makapi, wakamwachia mfungwa. Naye, usiku wa ngoma, makelele yalipozidi, akakereza minyororo akatoka.

Kisa hiki kina mambo mawili ya kuwaaibisha malenga wa Shaabani. La kwanza, Liyongo naye alikuwa malenga, tena malenga aliye taabuni, lakini shairi lake halikulilia mkate. Liliuagiza. Lilisema ni wa unga gani na ndani mna nini. La pili ni Saada. Mkate ule haukutembea wenyewe. Kulikuwa na kijakazi aliyeubeba akapita nao mbele ya watu wenye silaha, na ingalijulikana kilichomo, yeye angekuwa wa kwanza kufa. Malenga hukumbuka ushujaa wa mwana, pengine na werevu wa mama. Saada hupita kama upepo.

Naye hapiti katika utendi tu. Hizo nyumba kubwa za zamani zinazosifiwa kwa mikate yake, zenye mabaraza ya mawe na milango ya nakshi, nani alikuwa akitwanga ndani yake? Amri ya kuufuta utumwa Unguja ilitoka 1897, na masuria hawakuingizwa katika uhuru huo hadi 1909. Kabla ya hapo mchele wa nyumba hizo ulitwangwa na mikono isiyokuwa na hiari, na baada ya hapo, kwa miaka mingi, na yaya, na mpishi, na mtoto wa jamaa maskini aliyeletwa kutoka shamba ati alelewe. Mwenye nyumba alisifiwa kwa mkate wake. Mjukuu wake sasa anaandika shairi juu ya mikono mitakatifu ya bibi, na katika mikono hiyo hakuhesabu ile iliyoshika mchi. Zilikuwapo, bila shaka, nyumba nyingi nyonge ambamo bibi alitwanga mwenyewe, kisha akenda shamba, kisha akarudi akapika. Huyo ndiye astahiliye kusifiwa. Lakini angeulizwa yeye kama anataka mjukuu wake wa kike aishi vivyo hivyo, jibu lake lisingeingia katika mashairi haya.

Wako wanaokimbilia kwa Mwana Kupona. Husema: hata yeye, katika utendi aliomtungia binti yake Mwana Hashima mwaka 1858, alimfunza kumtumikia mume. Ni kweli alimfunza. Lakini ule ni usia wa mama mgonjwa aliyejiona yu karibu na kuiaga dunia, akamwachia mwanawe silaha alizozijua za kuishi katika zama zake. Ni maneno baina ya mama na binti. Mwanamume anayeyachukua maneno hayo akayafanya fimbo ya kumchapia mkewe kwa sababu ya andazi, huyo ameingia chumba cha wagonjwa bila ya kubisha hodi.

Na iko hoja nyengine, nayo husemwa kwa sauti ya chini kidogo: kwamba unga si kazi ya mwanamume. Hasha! Na aingie katika tanuri la boflo kabla ya alfajiri aone ni nani walio vifua wazi mbele ya moto. Ni wanaume. Na ashuke Forodhani jioni awatazame wanaosukuma madonge mpaka yakawa mapana kama leso, wakayakunja juu ya mayai na nyama mbele ya wageni, huku wakipigwa picha. Ni wanaume, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba uanaume wao umeingia chachu. Kumbe mkono wa mwanamume unafaa sana kwa unga, maadamu mwisho wa kukanda kuna ujira. Haramu huanza pale mkate unapokuwa wa watoto wake mwenyewe! Ama kwa upande wa dini, ambako wengi hupenda kujificha, imepokewa kwa Bibi Aisha kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipokuwa nyumbani alikuwa katika shughuli za watu wa nyumba yake mpaka wakati wa sala ufike. Hilo limo katika Bukhari, na masheikhe wanalijua. Ila halisomwi sana mwezi wa Shaabani.

Huyo binti anayeitwa mvivu na atazamwe kwa haki. Anaondoka na daladala ya asubuhi kwenda ofisini, au skuli, au katika hoteli za mashariki ya kisiwa ambako anawatandikia wageni vitanda na kuwapangia mikate ya asubuhi isiyokuwa yake. Anajua bei ya nazi, anajua bei ya mtungi wa gesi, na anajua kwamba moto wa juu na chini kwa mkate mmoja unakula gesi ya wali wa siku mbili. Visiwa hivi havilimi ngano. Unga huja kwa bahari, na Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, bei ya ngano ikapanda dunia nzima, na mwanamke wa Michenzani akaihisi vita hiyo ndani ya mfuko wake. Mchele nao, licha ya mabonde ya Cheju na Pemba, mwingi wake unaletwa. Mtu anayefanya hesabu hizi zote kabla ya jua kuchomoza, kisha akamtuma mtoto akalete boflo, hajashindwa kupika. Amepima.

Wala mkate wa kununua si mkate wa kudharauliwa. Inakuja Ramadhani, na wanawake wa mitaani wanapika mikate ya kumimina na ya ufuta majumbani mwao, wakaiuza mlangoni au kwa maagizo, na kwa fedha hizo nguo za sikukuu zinashonwa na ada za skuli zinalipwa. Mkate huo umepikwa nyumbani, kwa ajili ya familia. Tofauti ni kwamba unazilisha familia mbili. Malenga anayeandika kwamba mkate wa kununua hauna baraka, ilhali ameula jana kwa mchuzi na akajilamba vidole, amemtukana aliyeupika na hakumlipa neno. Wahenga walikwisha kumjibu: mla ni mla leo, mla jana kala nini?

Waombolezaji wana dawa moja, nayo iko ndani ya uwezo wao. Wengi ni watu wazima, wamestaafu, wana wakati wa asubuhi kuliko binti yeyote wa mjini. Basi atakaye mkate wa bibi yake na aanze Alhamisi usiku, kwa vikombe viwili vya mchele. Auoshe, auloweke, alale. Ijumaa baada ya sala ya alfajiri akune nazi, yeye mwenyewe, kwa mbuzi, aangalie vidole. Akamue tui la kwanza asilitie maji mengi. Asage kidogo kidogo. Hamira asizidishe kwa pupa, na akishafunika asifunue kila dakika kutazama, kwa sababu unga haupendi kuchunguliwa. Utakapotoa mapovu na kuinuka, ndio wakati wake. Ukipita hapo umechacha, na hapo ndipo atakapojifunza tofauti ya maneno mawili aliyokuwa akiyachanganya. Apashe chombo, amimine, apunguze moto. Wakati wa kupindua asishike kalamu wala simu. Mkate wa kwanza utamshika chini, na pembeni utapasuka. Na aukate hivyo hivyo, aupange katika sahani, awaite wajukuu.