INJINI ILIPEWA MAJI SAFI, SISI TWAAMBIWA TUCHEMSHE



Wazee wetu wa karakana wajua ya kwamba injini ya mvuke haikunyweshwa maji yo yote tu. Maji yenye chokaa yalijenga gamba ndani ya boila, na boila ikiharibika gari haliondoki. Kwa hiyo maji yalitibiwa kwanza. Katika nchi nyingi maji ya boila yalipitishwa katika madini yaitwayo zeolaiti, ambayo hukamata chokaa na kuyaacha maji laini. Hivyo ndivyo chuma kilivyotunzwa. Sasa tutazame mtu anavyotunzwa.

Sisi wa Changamwe, Jomvu na Mikindani twaijua habari ya Owino Uhuru. Kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu ubavuni mwa nyumba za watu mpaka kikafungwa mwaka 2014, na madini ya risasi yakaingia katika damu ya watoto. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Kesi ilipokuwa ikipanda na kushuka, watu walikuwa wakinywa nini?

Wako mabwana ambao kila ukilalamika juu ya maji wana jibu moja: chemsheni. Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu, hatukatai. Lakini risasi haina uhai hata ife. Maji hupungua kwa mvuke, risasi hubaki sufuriani, na kikombe huwa na sumu nyingi kuliko mwanzo. Haina rangi wala harufu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita, yaani gramu moja tu katika mitungi 5,000 ya lita 20!

Dawa yake yajulikana. Udongo wa mfinyanzi hunasa risasi kama ulimbo unasavyo ndege: sumu hushika juu ya chembe, maji hupita. Mkaa wa mifupa hufanya vivyo hivyo. Kule Nakuru Dayosisi ya Kikatoliki imeutumia kuondoa floridi majini. Magamba ya kamba na kaa hutoa kitu kiitwacho kitosani, nacho hukamata risasi na shaba. (Asijaribu mtu kukipika jikoni, kwani chataka asidi na magadi makali.) Na huko Oakland, Marekani, mwaka 2011, mifupa ya samaki iliyosagwa ilichanganywa na udongo wa mtaa wenye risasi ili sumu ifungwe humo humo. Mifupa ya samaki, ndugu! Hapa Likoni twawatupia paka.

Sasa atatokea bwana aseme: kama ni rahisi hivyo, kila mama achuje kwa ndoo yake. Hapana. Kichujio hujaa. Kikijaa, risasi hupita na jicho halioni. Ni mpaka maji yapimwe. Na ule udongo ulioshiba sumu mama ataumwaga wapi? Uani, watoto wanapocheza? Huko ni kuihamisha sumu, si kuiondoa. Kupima, kubadilisha na kuzika taka mahali salama ni kazi ya serikali na kampuni ya maji, ambao twawalipa kodi na bili.

Twataka visima vya Changamwe, Kisauni na Likoni vipimwe risasi, na majibu yabandikwe hadharani kwa Kiswahili. Penye sumu pawekwe tangi la kuchujia, na mtu wa kulitunza alipwe mshahara, asiwe wa kujitolea. Tena udongo wa Owino Uhuru usafishwe, maana hukumu ya 2020 iliamuru hilo pia, si fedha peke yake.

Katibu wa tawi anaandika orodha ya visima. Mwanachama anayechota kisimani amletee jina la mtaa wake kabla ya mkutano, ili barua yetu iende na mahali panapojulikana.