Karaki Si Maji

Nimekaa kimya muda mrefu nikiliona jambo hili linakua katika mabaraza yetu ya Ibra, Sur na Nizwa, na nilikuwa nimeazimia kuendelea kukaa kimya, kwani mtu wa hesabu za mabomba akiingilia khabari za matumbo ya watu huambiwa arudi kwenye mabomba yake. Lakini majuzi nilikuwa barazani kwa jamaa mmoja hapa Ibra. Tukaletewa tende, haluwa na kahawa kama ilivyo ada. Mwenyeji wetu hakugusa. "Mie nimefunga," akasema, "mpaka saa saba mchana." Kisha akamwita kijana amletee karaki. Mpaka tunaagana alikuwa ameshakunywa vikombe vinne, na kila alipomaliza kimoja alijisifu kwamba njaa haisikii hata kidogo.

Haisikii kwa sababu amekula!

Wala si peke yake. Tangu huu mfungo wa saa 16 ulipotuingilia kwa njia ya simu, kila nyumba ina mfungaji wake. Yuko anayefunga kwa karaki, yuko anayefunga kwa laban, na yuko anayefunga kwa juisi ya machungwa kwa hoja ya kuwa tunda si chakula. Upande wa pili wako wale ambao hawatii hata tone la maji kinywani, wamechukua sheria za Ramadhani wakazitia katika jambo ambalo halina uhusiano na Ramadhani. Makundi yote mawili yamekosea, na hili la pili ndilo linalonitisha zaidi.

Tuanze na karaki, nami naomba mnistahamilie na hesabu zangu. Kikombe kidogo cha karaki kina maziwa ya kopo, tuseme mililita 50, ambayo ni kama kalori 70. Tia na sukari vijiko viwili vya chai, kalori 30 nyengine. Kikombe kimoja mia, vinne mia nne. Hizo ni sawa na chapati mbili za mafuta, ila chapati ingetafunwa na mtu angeona haya kusema amefunga. Serikali ya Oman ilipoweka kodi ya asilimia 50 kwenye soda mwaka 2019, na mwaka 2020 ikaongeza vinywaji vyengine vilivyotiwa sukari, watu wengi tuliitikia kwamba ni kheri, na leo ukimuona mtu na kopo la soda unamtazama kwa jicho la huruma. Kopo lile la mililita 330 lina sukari kama gramu 35. Sasa nani amewahi kumtazama mnywaji wa karaki kwa jicho hilo? Inakuja katika kikombe cha karatasi kupitia dirisha la gari, haina maandishi ya kusoma ubavuni, na inalipwa kwa sarafu zilizolala karibu na gia. Hakuna anayeihesabu.

Mke wangu, akisoma haya, ameniambia kwamba nayaandika kwa sababu daktari ameninyima mimi mwenyewe karaki. Ni kweli ameninyima. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa vikombe sita kwa siku, kwa hiyo najua ninachokisema.

Njaa nayo imesingiziwa mengi. Njaa ya saa nne asubuhi, kwa mtu mzima aliyekula vizuri jana usiku, mara nyingi ni kengele ya mazoea tu. Mwili hutoa homoni ya njaa karibu na zile saa ulizouzoesha kula, na usipokula ile homoni hushuka yenyewe. Njaa huja kama wimbi la Bahari ya Sur: linapanda, linavunjika, linarudi. Mwenye kujua hili hunywa maji, akatafuta la kufanya, likapita. Lakini anayetia tamu mdomoni kila likija wimbi anaufundisha mwili uwe unaidai tamu hiyo kila saa. Ndiyo maana wafungaji wetu wa karaki wanalalamika kwamba mfungo ni mgumu. Na wanaokimbilia soda zisizo na sukari wajue kwamba Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilitoa ushauri dhidi ya kutegemea vitamu hivyo katika kupunguza uzito.

Kinachonikera ni kwamba kinywaji cha mfungo huu tunacho tangu zamani za mababu. Wazee wetu, wawe wa Ibra au wa Unguja, walikunywa kahawa chungu. Nani miongoni mwetu aliyekulia Ng'ambo au Mji Mkongwe hakumbuki muuza kahawa akigonganisha vikombe, na wazee wa Jaws Corner wakibishana siasa juu ya kahawa isiyo na chembe ya sukari? Utamu ulikuwa pembeni, kwenye kashata, na huku Oman kwenye tende. Kahawa ya hiliki peke yake karibu haina kalori yoyote. Tende moja ya wastani ina 20 hadi 25, na hakuna anayekula moja. Basi anayetaka kufunga saa zake anywe kahawa na chai ya rangi isiyo na sukari, na tende zake azingoje mezani. Nilipokuwa nasoma Glasgow mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilikunywa chai kavu miaka mine, kwa umasikini, si kwa elimu, na sikufa.

Nije kwenye maji. Aliyefika Nizwa ameuona Falaj Daris, mmoja kati ya mifalaji mitano ya Oman iliyotiwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2006. Katika falaji kuna mpango ambao kila mhandisi anapaswa kuusujudia, kama kusujudia kitu kisicho Mungu kungefaa: maji yanapotokeza juu ya ardhi, pale mwanzo kabisa, ni ya kunywa. Baadaye ndiyo kuoga na kufua, kisha mashamba. Watu waliochimba njia za maji chini ya mawe kwa mikono walijua kinachotangulia. Sie wajukuu zao tunazunguka Juni katika joto la nyuzi 45 na midomo mikavu kwa makusudi, ati maji "yatavunja mfungo". Hayavunji chochote. Maji hayana kalori. Sheria ya kazi hapa inakataza kazi za juani kuanzia saa sita u nusu mpaka saa tisa u nusu mchana, Juni mpaka Agosti, na nimesimamia kazi za nje miaka mingi, nimeona joto linavyomwangusha mtu mwenye nguvu. Asiyekunywa hukojoa kidogo, mkojo ukawa mzito, na mawe ya figo hayahitaji mwaliko zaidi ya huo. Anayefunga kwa ajili ya Mola wake ana ujira wake. Anayekausha figo zake kwa ajili ya kiuno anangoja ujira gani?

Na hapa ndipo palipoifanya kalamu itoke mfukoni. Shemeji yangu ana kisukari, anatumia vidonge vya kushusha sukari kila asubuhi. Alisikiliza sauti moja iliyozungushwa katika simu za ukoo, akaacha chakula cha asubuhi, vidonge hakuviacha. Wiki ya pili, njiani kwenda Sur, mbele ya Bidiyah, gari iliacha lami ikaingia mchangani. Kijana wake alikuwa pembeni akaushika usukani. Baba alikuwa anatoka jasho, anasema maneno yasiyoeleweka. Alipopimwa sukari ilikuwa 2.6. Ramadhani ikikaribia, shemeji huyu huenda kwa daktari wake kila mwaka, dozi ikapangwa upya, na mwaka mmoja akakatazwa kufunga kabisa, akakubali, kwa sababu dini yenyewe imempa ruhusa mgonjwa. Kwa mfungo wa simu hakumuuliza mtu. Ibada ina ruhusa, ina udhuru, ina wa kuulizwa. Hii sauti ya simu haina hata jina la msemaji.

Huyo msemaji alisema pia kwamba ikifika saa ya 16 mwili huanza kujisafisha, na kwamba Mjapani amepewa Nobel kwa hilo. Yoshinori Ohsumi alipewa Nobel mwaka 2016, ni kweli, kwa kazi aliyoifanya juu ya chembe za hamira. Hakuna saa ya ukutani iliyokwishawekwa kwa binaadamu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020, wa watu 116 kwa wiki 12, haukuona tofauti ya maana ya uzito baina ya waliokula ndani ya saa 8 na waliokula milo mitatu ya kawaida. Wachina wa Guangzhou nao, mwaka 2022, waliwafuatilia watu 139 mwaka mzima, wote wakipunguza chakula, nusu wakibanwa na saa na nusu hawakubanwa. Wote walipungua, na saa haikuongeza kitu cha kuhesabika. Maana yake anayeupenda mfungo huu na afya yake inaruhusu, aufunge, unamsaidia kula kidogo. Asitudai dawa.

Lawama nyengine ni ya wenyeji. Mgeni akisema "mie maji tu", tunamlazimisha, tunaapa, tunasusa, mpaka anywe karaki kwa haya. Ukarimu huo siuelewi tena. Kwangu sasa birika la maji linatangulia, kahawa inafuata, na anayetaka karaki anaomba, hapewi kwa kiapo.

Shemeji anaendelea vizuri. Anakula saa mbili asubuhi, yai na mkate wa mofa, na mlangoni mwa gari yake mna chupa ya maji na, kwa amri ya daktari, pakiti moja ya juisi ambayo haruhusiwi kuigusa mpaka mikono ianze kutetemeka.